Superficial: neno lililoanzia usoni

Daktari akikagua jeraha la panga mguuni na kuandika "superficial", mgonjwa hushusha pumzi: makali hayakufika kwenye msuli, atafungwa bandeji arudi kwake. Mhadhiri akiliandika neno hilohilo pembeni mwa insha, mwanafunzi ananuna wiki nzima.

Neno lenyewe lilizaliwa bila kejeli. Warumi waliunganisha super, yaani juu, na facies, yaani uso, wakapata superficies. Mswahili hashangai, naye husema uso wa bahari na uso wa dunia. Kiingereza kililipokea neno hili karne ya 14, likiwa la matabibu na watu wa hesabu. Mwaka 1570 Henry Billingsley, mfanyabiashara wa London aliyekuja kuwa meya wa jiji hilo, alipochapisha Euclid kwa Kiingereza, superficies ilikuwa ni kitu chenye urefu na upana tu. Kina hakina, na hakuna aliyekilaumu.

Lawama ziliingia karne ya 15, pale neno lilipohamishiwa kwenye elimu isiyochimbwa, kisha kwa watu wenyewe. Waingereza walikuwa pia na shallow, neno lao la maji mafupi. Shakespeare akampa hakimu mmoja mzee jina hilo, mzee asiyechoka kusimulia vituko vya ujana wake. Sisi tumelirudia tu neno juu: aliye juu anasifiwa, anayejua juujuu anachekwa.

Kinachonivutia zaidi ni sheria. Kwa Warumi jengo lilifuata ardhi. Ukijenga kwenye kiwanja cha mwenzio, nyumba ni yake. Hata hivyo, baadaye waliruhusu mtu ajenge pa mwingine, akae miaka na miaka, arithishe hata kuuza haki yake, mradi alipe kodi ya ardhi. Haki hiyo nayo waliiita superficies. Mkazi wa Majengo, Mombasa, hahitaji kufafanuliwa sana. Kwao kuna "nyumba bila ardhi", tena wao wamewapita Warumi, kwa kuwa kuta na paa ni mali ya aliyejenga. Kodi ya kiwanja hulipwa, watoto huzaliwa humo wakaoa humo. Halafu siku moja mwenye ardhi anakuja na mnunuzi, na nyumba iliyosimama miaka hamsini inaonekana iliwekwa tu juu ya mchanga wa mtu.