Mawe ya Ugiriki, ngoma ya Wapokomo na kiti cha babu

Naandika haya nikiwa Isiolo. Watalii wanaokwenda Samburu husimama hapa, na vijana huwakimbilia madirishani na bangili na visu. Jana nilimwona mgeni mmoja akikitaka chombo cha maziwa cha mama wa Kiborana, kilichosukwa kwa nyuzi na kuiva kwa moshi wa miaka mingi. Akaongeza bei mara mbili. Mama akatikisa kichwa. "Hicho ni cha mama yangu," akasema. "Chukua bangili."

Nikakumbuka safari yangu ya London, nilipoingia British Museum. Kuingia ni bure, na watu wengi huelekea kwenye ukumbi wa Wagiriki. Nami nikafuata.

Mawe ya Athens

Humo mna mawe ya Parthenon, hekalu lililojengwa Athens kati ya miaka ya 447 na 432 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mkanda wake wa michoro ulikuwa na urefu wa mita 160. London inazo kama mita 75. Utaona vijana juu ya farasi, wanawake katika maandamano, na ng'ombe wanaopelekwa kuchinjwa. Mmoja ameinua kichwa kama anayelia.

Mawe haya yalifikaje huko? Ugiriki ilikuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Lord Elgin, balozi wa Uingereza katika dola hiyo, aliwatuma mafundi wake kuanza kuyabandua mwaka 1801. Mwaka 1816 bunge la Uingereza likayanunua kwake kwa pauni 35,000. Wagiriki wanayadai hadi leo, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inaibana makumbusho hiyo isitoe mali yake ovyo.

Wagiriki hawakukaa kulalamika tu. Mwaka 2009 walifungua makumbusho mpya chini ya kilima cha Akropolis. Ghorofa ya juu mawe yao halisi yamepangwa kama yalivyokuwa hekaluni, na mahali pa yale yaliyoko London wameweka nakala za plasta. Mgeni anaona kwa macho yake kilichobaki na kilichokosekana.

Na vyetu?

Nilipotoka ukumbini niliitafuta Ngadji. Hiyo ni ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyokuwa ishara ya utawala wao. Maafisa wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum. Sikuiona, kwa sababu imewekwa ghalani. Mawe ya Wagiriki angalau yanatazamwa.

Lakini vipo vilivyorudi. Vigango ni nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao wa chama cha gohu waliofariki. Mwaka 1985 viwili viliibwa katika boma moja huku pwani. Miaka ikapita, vikaonekana katika makumbusho mbili za Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa wenyewe. Vilitambulika kwa sababu mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa kando ya vigango hivyo kabla havijaibwa. Picha moja tu. Bila hiyo, nani angeamini kwamba mti ule ni wa boma lile?

Ninalojutia

Nyumbani kwetu tulikuwa na kiti cha enzi, cha mpingo na vipande vya pembe, alichokalia babu siku ya harusi yake. Mwaka mmoja mambo yalipokuwa magumu akaja mfanyabiashara wa vitu vya kale, na baba akauza. Simlaumu, kwani ada za shule zilikuwa zetu. Lakini hatuna picha hata moja. Nikikikuta kesho katika ukumbi wa makumbusho yoyote ya Ulaya, sina la kuonyesha ila maneno yangu.

Basi nawaomba wenzangu wa pwani. Mlango wa nakshi, sanduku la bibi, siwa, msahafu wa mkono: vipigeni picha leo kwa simu zenu, mbele na nyuma, pamoja na mtu wa nyumba amesimama kando. Andikeni ni cha nani, kilitoka wapi, kilirithiwaje. Mkiokota kitu cha kale ardhini, kipelekeni Fort Jesus au makumbusho ya Lamu, maana sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inavilinda vitu hivyo.

Leo asubuhi nilirudi kwa yule mama. Nikamwomba ruhusa nimpige picha na chombo chake. Alicheka, akajifunga mtandio vizuri, akakipakata kama mtoto. Nimempelekea mwanawe picha hiyo kwenye simu.