Mzigo Unaosafiri Angani

Leo tutasoma habari za mizigo ya ndege.

Tarehe 1 Januari, 1946, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi. Lilikuwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ndege zake za kwanza zilikuwa ndogo: abiria wachache, mifuko ya barua na vifurushi, basi. Mwaka 1966 shirika lilipata ndege kubwa za aina ya VC10, zenye mlango mpana ubavuni wa kuingizia shehena. Lakini wenye shirika hawakuelewana juu ya fedha, na mwaka 1977 likavunjika. Mwaka ule ule Tanzania ikaanzisha shirika lake, Air Tanzania. Tarehe 3 Juni, 2023, shirika hilo lilipokea ndege yake ya kwanza ya mizigo pekee, Boeing 767. Ndege hiyo huweza kubeba tani 54.

Sasa tufanye hesabu. Gunia la kahawa safi lina kilo 60. Tani 54 ni kilo 54,000. Gawanya kwa 60, utapata magunia 900. Meli ya MV Ruvuma, iliyoundwa Kyela kwa ajili ya ziwa letu, ilitengenezwa kubeba tani 1,000. Meli moja yashinda ndege 18!

Mbona basi watu hulipa nauli kubwa ya ndege? Wananunua haraka. Kahawa iliyokauka vizuri yaweza kungoja miezi. Usipa mkavu kadhalika. Mizigo hiyo yafaa lori na meli. Samaki mbichi hangoji. Katika miaka ya 1990 minofu ya sangara wa Ziwa Victoria ilipakiwa Mwanza, ikaruka mpaka Ulaya. Biashara ile iliwezekana kwa sababu viwanda vyenye barafu vilikuwa karibu na kiwanja cha ndege, na bei ya Ulaya ilizidi nauli.

Je, mbasa wa Ziwa Nyasa naye apande ndege? Mtu akija kijijini na ahadi hiyo, mwulizeni kwanza: Barafu iko wapi? Kiwanja kiko umbali gani? Nauli ikiisha kutolewa, mvuvi atabaki na nini? Akikosa majibu, msimpe fedha zenu.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini kahawa husafiri kwa meli?
2. Taja mzigo mmoja wa kwenu usioweza kungoja.