Utani wa Wapagazi: Upuuzi Wenye Kanuni

Wahakiki wetu wamezoea kuweka mzaha upande mmoja na jambo zito upande wa pili. Tanzia huku, ramsa kule. Anayechanganya huambiwa ameharibu kazi. Ubishi huu uko hata ughaibuni. Tangu mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotolewa Marekani mwaka 1974, ambamo watu huketi mezani wakijifanya mashujaa na wachawi walio safarini, wachezaji hubishana: je, vichekesho vinaivunja safari hiyo ya kubuni, au vinaitia uhai? Nionavyo mimi, jibu moja zuri lipo hapa kwetu, katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Na huko safari haikuwa ya kubuni.

Hebu tuanze na uzito wenyewe. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote wa njia hii. Mtu alijitwika kilo 30 hivi za pembe za ndovu, nguo au shanga. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Ugogoni misafara ilidaiwa hongo. Mwaka 1871 vikazuka vita kati ya Mirambo na Waarabu wa Tabora, njia ikawa ya hatari. Ongeza njaa na ndui. Si mchezo!

Ni katika mazingira hayo ndipo watu huelezea chimbuko la utani wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mnyamwezi aliyefika pwani alikuwa hana ndugu. Akiugua, nani amuuguze? Akifa, nani amzike? Mtani. Yule yule aliyemtukana mchana kweupe na kumnyang'anya kitu chake huku watu wakicheka, ndiye aliyewajibika kwake. Matusi yale yalikuwa kama hati ya mkataba: nikikutania nawe usikasirike, basi tumekubaliana kuwa ndugu.

Sasa turudi kwenye fasihi. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliyaweka malumbano ya watani katika utanzu wa mazungumzo. Sina ugomvi na hilo pale watani wanaporushiana maneno sokoni. Lakini msibani mambo hubadilika. Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo na sauti yake, hata hulala njiani kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hapo pana mhusika, tendo, uwanja na hadhira. Kama hayo si maigizo, ni nini? Upuuzi wake una kanuni, na akimaliza kuchekesha huenda kushika jembe la kuchimba kaburi.

Hata hivyo, tusiipambe njia ile. Humo humo walipita watumwa wakiwa wamefungwa minyororo. Mtumwa aliweza kuchekwa na msimamizi wake, ila hakuwa na zamu ya kujibu, wala aliyemcheka hakuwa na wajibu wowote wa kumzika. Kicheko kile kilikuwa dhihaka tupu. Kwa masikio ya mpita njia labda vicheko vyote viwili vilifanana. Tofauti ilikuwa katika haki ya kujibu na wajibu uliofuata.

Kwa hiyo, tunapohakiki kazi ya kuchekesha, tusiishie kuuliza kama mzaha umepunguza uzito wa maudhui. Tuulize: anayechekwa anaweza kujibu? Na anayecheka anawiwa nini? Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi wa masafa marefu katika njia ile ikafifia. Utani haukufa nayo. Nenda kwenye msiba wa Mnyamwezi au Mzaramo, utawakuta watani wako kazini.