Moto wa Juu

Siku mama yangu mdogo aliporudi kutoka Muscat, alivuka feri ya Likoni na masanduku mawili na boksi moja ambalo hakukubali mtu amsaidie kubeba. Sisi tulidhani ni TV. Tulipofika nyumbani Mtongwe akalifungua mbele ya Nyanya: jungu la umeme. Ndani lina bakuli zito la udongo uliong'arishwa, juu kifuniko cha kioo, na ubavuni swichi yenye alama tatu tu: zima, moto mdogo, moto mkubwa.

"Hili, Mama, unatia chakula asubuhi, unaenda zako, ukirudi kimeiva. Na hakuna moshi."

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyokuwa zawadi yenyewe. Nyanya amepuliza makaa tangu utotoni, na miaka hii ya karibuni kifua kinamsumbua usiku. Daktari alishamwambia wazi: mama, achana na jiko la makaa. Nyanya akaitikia "inshallah", ile ya kumaanisha hapana.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa sababu nilikuwa nimeacha chuo. Mwaka wa tatu, somo la historia. Watu nawaambia karo ilinishinda, na ni kweli, lakini moyo ulikuwa umetoka kabla ya karo. Nikarudi Likoni, nikawa naandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno, za bima na matairi, kwa wateja nisiowajua hata sura. Kwa hivyo mwenye muda wa kusoma kijitabu cha maelekezo cha lile jungu nilikuwa mimi.

Kitu cha kwanza Mamdogo alichotaka tupike ni kitamu alichojifunza kwenye nyumba aliyofanyia kazi. Unakata matufaha, unayatia sukari na mdalasini, juu unamwagia chengachenga za unga uliovurugwa na siagi na sukari, unaacha saa kadhaa, kisha mnakula kingali moto.

"Wanakiita krispi," akasema.

"Krispi si za mihogo?" Nyanya akauliza. Tukacheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kwa mtu wa Mombasa, krispi ni ile pakiti ya mihogo ya kukaanga yenye pilipili unayonunua ukingoja feri.

Mtu ukishasoma historia, hata nusu, unaambukizwa ugonjwa wa kuuliza kila kitu kimetoka wapi. Nikaanza na jungu, na jibu likanipeleka kwa nyanya wa mtu mwingine.

Aliishi Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Walikuwa Mayahudi, na sheria ya Sabato hairuhusu kuwasha moto tangu jua la Ijumaa linapotua hadi Jumamosi usiku. Basi Ijumaa mchana kila nyumba ilijaza chungu chake nyama, maharagwe na nafaka, ikakipeleka kwa mwoka mikate. Tanuri lilikuwa limeshazimwa lakini lina joto bado. Vyungu vikilala humo usiku kucha, na kesho yake familia ikala chakula cha moto bila mtu kuwasha kiberiti. Chakula hicho kinaitwa cholent.

Binti wa nyanya huyo alihamia Marekani na kumsimulia mwanawe, Irving Nachumsohn, ambaye baadaye alibadilisha jina akawa Irving Naxon. Irving alikuwa mvumbuzi. Akawaza: vipi nikikizungushia chungu waya wa umeme unaotoa joto dogo pande zote? Mwaka 1936 akaomba hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, na mwaka 1940 akaipata. Mwaka 1970 akaiuzia biashara yake kampuni ya Rival, na mwaka uliofuata jungu likaingia sokoni kwa jina la Crock-Pot. Wanawake wengi Marekani walikuwa wakifanya kazi nje ya nyumba, na chombo kinachojipikia chenyewe kiliwafaa. Likanunuliwa kama njugu.

Nilimsomea Nyanya hadithi hii akichambua mchele. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hapo alichozua ni nini? Chungu ni cha nyanyake, chakula ni cha nyanyake."

"Alitia umeme, Nyanya."

"Haya. Umeme ni wake."

Sikuwa na la kumjibu. Wahadhiri walinifundisha kwa mihula mitano kuuliza jina la nani limo kwenye hati na la nani halimo. Yeye aliliuliza hata kabla hajamaliza kutoa mawe kwenye mchele. Kupika polepole wala si kitu kigeni kwake. Bokoboko la ngano na nyama hukaa motoni saa nyingi mpaka nyama isijulikane na ngano.

Na matunda ya moto, je? Hapa nilidhani Mamdogo ametuletea jambo jipya, mpaka nikakumbuka Ibn Battuta. Alipita pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliwekewa wali na vitoweo, na miongoni mwake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Alipofika Mombasa akaandika kwamba kisiwani kuna migomba na miti ya malimau, kwamba watu wanakula zaidi ndizi na samaki, na kwamba hawalimi nafaka, wanaletewa kutoka upande wa Sawahili. Sisi wa ng'ambo ya feri huwa nasi tunaingia kwenye historia ya Mombasa hivyo hivyo: kama mahali panapotoka chakula. Miaka 167 baadaye, Aprili 1498, Vasco da Gama akatia nanga nje ya Mombasa, na mfalme akampelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Ndizi zilikuwepo, utamu wa miwa ulikuwepo.

Lakini masimulizi ya safari hizi zote mbili yanataja kilichofika mbele ya wageni. Hakuna aliyeingia jikoni. Hayasemi ni nani aliyepika, alitumia kuni gani, wala moto ulikuwa upande gani wa chungu. Na moto ulikuwa upande gani ndiyo habari yenyewe, kama nilivyokuja kujua.

Tulipika krispi ya Mamdogo Jumapili. Matufaha tulinunua moja moja pale kwenye feri, yale ya kutoka nje yenye stika, na bei yake ilimfanya Nyanya aseme astaghfirullah. Chombo chetu kimeandikwa wati 210, kwa hivyo kwa saa nne kilikula chini ya uniti moja ya stima. Nyumba ilinukia mdalasini mpaka jirani akaja kuuliza kuna sherehe gani. Tulipofungua, matufaha yalikuwa laini, matamu, hayana kasoro. Zile chengachenga za juu zilikuwa uji.

Mamdogo akasikitika. Kule Muscat, alisema, walikuwa wakitandaza kitambaa chini ya kifuniko. Nikasoma, nikaelewa kwa nini. Mvuke unapanda, unagonga kioo, unageuka maji na kurudi chini kama mvua. Kitambaa kinanyonya mvua hiyo. Tukajaribu tena na kipande cha leso kuukuu. Afadhali kidogo, lakini bado hakuna kinachovunjika menoni. Joto la jungu hili linatoka chini na ubavuni, na kitu hakikauki juu kama juu hakuna moto.

Nyanya alionja kijiko kimoja, akakiweka.

"Hili lina moto wa tini pekee. Moto wa juu u wapi?"

Moto wa juu. Kama hujakulia pwani, acha nikueleze. Wali wa nazi ukikaribia kukauka, mpishi hatoi sufuria motoni. Anapunguza makaa ya chini, anayachota kwa koleo, anayapanga juu ya kifuniko. Hii inaitwa kupalia. Joto linashuka huku jingine likipanda, na chakula kinaiva katikati kama kilicho ndani ya tanuri. Mkate wa kumimina huokwa hivyo hivyo, na ndio maana mgongo wake una rangi ya dhahabu hata kwenye nyumba isiyo na tanuri. Kiswahili hata kimeligeuza kuwa onyo: anayejitafutia balaa tunasema anajipalia makaa.

Nyanya akatuagiza ndizi mzuzu sita, zilizoiva mpaka ganda limeanza weusi, na nazi mbili. Nikakaa kwenye mbuzi nikazikuna. Tui la kwanza, lile zito, tukaliweka kando. Ndizi zikachemka polepole kwenye tui la pili na iliki, sukari na chumvi kidole kimoja, kisha tui zito likamiminwa mwisho, kwa sababu likichemshwa sana linakatika. Hadi hapo ni ndizi za nazi kama za futari ya nyumba yoyote. Halafu akafanya kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alichukua zile chicha za nazi, ambazo siku zote tunawatupia kuku, akazichanganya na sukari, unga kidogo na samli, akazitandaza juu ya ndizi. Akafunika. Akapalia.

Makaa niliyapuliza mimi, yeye akiwa amekaa upande ambao upepo hautoki. Baada ya robo saa akaniambia nifunue. Chicha zilikuwa zimefanya ukoko. Ukoko wa juu, wa rangi ya kahawia, unaovunjika, na chini yake ndizi na tui vikitokota.

Alifundishwa na mamake, miaka ambayo unga na sukari vilikuwa vya kuhesabiwa. Hapo nikakumbuka kwamba hata wenye krispi yao wana hadithi kama hiyo. Marekani iko kwenye vitabu vya mapishi tangu miaka ya 1920. Uingereza, ndugu yake wa huko alienea wakati wa Vita vya Pili, vyakula vilipogawiwa kwa kadi kuanzia 1940: siagi na unga wa kutengenezea ganda zima havikutosha, watu wakanyunyiza chengachenga tu. Huko ni uhaba, huku ni uhaba, na juu ya matunda kikapatikana kitu kilekile.

Ningeweza kuishia hapo, nikuambie turudi kwa makaa ya mababu. Lakini usiku ule Nyanya alikohoa hadi alfajiri, na nyumba nzima ilimsikia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, inayotoka zaidi kwenye moto wa kupikia, iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lilipunguza makaa yanayoungua, halikuondoa moshi. Kisha Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma, marufuku iliyodumu hadi 2023, na gunia la makaa likawa si la mchezo. Changamwe, kiwanda kilichosafisha mafuta tangu 1963 kiliacha kazi hiyo 2013, na gesi tunayopikia leo inashuka melini. Vijana wenzangu wanaopanga vyumba Kisauni na Mikindani wengi hawana hata mahali pa kuweka jiko la makaa. Mwenye nyumba hataki. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba kupalia kuishe. Kunaisha tu, jiko moja baada ya jingine, na kwa mapafu ya Nyanya ni heri.

Ila ujuzi haukuwa kwenye makaa. Ulikuwa kwenye kujua kwamba chakula hiki kinahitaji mioto miwili. Basi tukaitenganisha. Ndizi sasa zinaingia kwenye jungu la Mamdogo, moto mdogo, saa tatu. Chicha nazikaanga mimi kwenye karai kavu juu ya gesi, nikikoroga bila kuacha mpaka zigeuke kahawia, naongeza samli na sukari mwishoni, nazipoza zikauke. Hazikai chini ya kifuniko hata dakika moja. Unazinyunyiza mtu akiwa ameshashika sahani.

Mara ya kwanza kumwandalia Nyanya, alitafuna kimya kwa muda.

"Tamu," akasema. "Lakini si ya kupalia."

"Najua, Nyanya."

"Basi andika zote mbili."

Nikachukua lile daftari la chuo lenye kurasa tupu kuanzia katikati. Juu nikaandika jina lake kamili, kisha la mamake, ambalo ilibidi nimuulize. Halafu nikaandika: ndizi mzuzu sita, nazi mbili.