MAGE: Protini ya Korodani Iliyokutwa Ndani ya Saratani

MAGE ni familia ya protini ambazo nyingi kati yake, katika mwili wa mtu mzima mwenye afya, hutengenezwa karibu pekee ndani ya korodani, na seli zinazokua kuwa mbegu za kiume. Seli za ini, mapafu au ngozi zina jeni za protini hizo, ila humo zimefungwa. Saratani nyingi huzifungua.

Wa kwanza kuhusisha saratani na seli za uzazi alikuwa John Beard, mtaalamu wa viinitete wa Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Uskoti. Akichunguza viinitete vya samaki, aliona seli za uzazi zikisafiri kuelekea mahali pake, na nyingi zikipotea njiani. Mwaka 1902 alidai kuwa hizo zilizopotea ndizo zinazozaa saratani, nayo hupenya mwilini kama kondo la nyuma linavyopenya ukuta wa mji wa mimba. Kuhusu chanzo alikosea: saratani nyingi huanzia kwenye seli za kawaida za kiungo chenyewe. Mfanano aliouona, hata hivyo, ulikuwa wa kweli.

Ushahidi ulipatikana Ubelgiji. Mgonjwa mmoja wa kike mwenye melanoma, saratani kali ya ngozi, alikuwa na chembe nyeupe za damu zilizoweza kuua seli za uvimbe wake mwenyewe katika maabara. Thierry Boon na wenzake wa Taasisi ya Ludwig mjini Brussels walitaka kujua chembe hizo ziliona nini. Mwaka 1991, Pierre van der Bruggen na kundi hilo walitangaza jeni waliyoiita MAGE-1, ambayo leo ni MAGE-A1, iliyoko kwenye kromosomu X. Jeni hiyo haikuwa na kasoro yoyote. Ilikuwa jeni nzima ya korodani, ikifanya kazi katika uvimbe wa mwanamke.

Kinga ya mwili huiona protini yake kama ngeni kwa sababu seli za mbegu za kiume hazina zile molekuli zinazoonyesha vipande vya protini kwa chembe za ulinzi. Kwa hiyo kinachofichika korodani huonekana kikitokea kwenye ngozi. Mwaka 1996 Charles De Smet na wenzake walieleza pia kufuli lenyewe: vikundi vya methili vilivyobandikwa kwenye DNA hupungua katika seli za saratani, na MAGE-1 huamka. Mwaka uliofuata, New York, protini nyingine ya korodani, NY-ESO-1, ilipatikana katika saratani ya umio, ugonjwa unaoua watu wengi magharibi mwa Kenya na nchini Malawi.

Kwa muda mrefu protini hizi zilichukuliwa kuwa alama tu za kumtambua adui. Mwaka 2010 dhana hiyo iliyumba. Watafiti wa Dallas, Marekani, walionyesha kuwa protini za MAGE huungana na vimeng'enya vinavyotia protini nyingine alama ya kuharibiwa. MAGE-C2, ikishirikiana na kimeng'enya TRIM28, huipeleka p53 kwenye maangamizi, nayo p53 ndiyo huzuia seli iliyoharibika isigawanyike. Mwaka huo huo, Barcelona, uvimbe wa ubongo wa viluwiluwi vya inzi wa matunda ulikutwa ukitumia jeni za seli za uzazi, na baadhi yake zilipozimwa, uvimbe ulikoma kukua. Matokeo hayo yaliashiria kuwa protini hizi zinaweza kuijenga saratani, si kuipamba tu.

Tiba imekuja kwa gharama kubwa. Mwaka 2013 iliripotiwa kwamba wagonjwa wawili walifariki baada ya chembe za kinga zilizoundwa kushambulia MAGE-A3 kushambulia titini, protini ya misuli ya moyo yenye kipande kinachofanana nayo. Mwaka 2014 chanjo ya MAGE-A3, iliyojaribiwa kwa zaidi ya wagonjwa 2,000 wa saratani ya mapafu, ilishindwa kuzuia ugonjwa usirudi. Mwezi Agosti 2024 Marekani iliidhinisha afami-cel, tiba ya chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe zilizofunzwa kuitambua MAGE-A4, kwa saratani adimu ya tishu laini iitwayo sakoma ya sinovia. Katika jaribio lililoleta idhini hiyo, uvimbe ulisinyaa kwa takriban wagonjwa 4 kati ya kila 10.