Kumtafuta Askari Aliyefia Vitani
Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo, Kinondoni, yaliandaliwa mwaka 1968, yale ya zamani yalipopisha ujenzi wa barabara mpya. Ukimtafuta babu aliyekuwa askari wa Keya (KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza), anza na namba yake ya jeshi. Usitegemee jina pekee, kwani majina yaliandikwa kwa sikio la Mwingereza. Aliyefia Burma mwaka 1944 au 1945 huenda ametajwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Rangoon, nchini humo.

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ni habari nyingine, tena chungu. Walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, bila kuwekewa jiwe wala jina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa hilo mwaka 2021. Kwa wapagazi hao, waulize kwanza wazee wa ukoo.