Barabara ya Tanzam: ajali hurudi mahali palepale

BARABARA kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi mpaka wa Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Wakazi wengi wa mijini huifahamu kwa kipande chake cha mwanzo, kati ya Kimara na Chalinze, ambako kero kubwa ni foleni. Lakini sehemu kubwa ya barabara hii iko mashambani, porini na milimani, na huko ndiko hatari yake ilipo. Huko magari hayasimami katika foleni. Hukimbia, hupishana na hupitana katika njia mbili ambazo kwa sehemu kubwa hazitenganishwi na chochote isipokuwa mstari wa rangi.

Kila inapotokea ajali kubwa, maelezo ya kwanza huwa yaleyale: chanzo ni mwendokasi au uzembe wa dereva. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo hayatoshi, kwa sababu hayaelezi ni kwa nini madereva wazembe, ambao wametapakaa nchi nzima, huua na kufa zaidi katika miteremko ileile na katika vijiji vilevile. Mahali pa ajali panajulikana kabla ajali haijatokea, na hapo ndipo kazi ya kuokoa maisha inapopaswa kuanzia.

Barabara hii ilizaliwa kwa ajili ya mizigo. Serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 11, 1965, Zambia ilijikuta ikikosa njia yake ya kusini ya kupitishia mafuta na shaba. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam katika njia ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Magari yaliyoharibika na kupinduka yalikuwa mengi kiasi kwamba njia hiyo ilibandikwa jina la Kiingereza lenye maana ya Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA ikafunguliwa rasmi mwaka 1976.

Ilitarajiwa kuwa reli ndiyo ingebeba mizigo mizito. Haikuwa hivyo kwa muda mrefu. Shehena ya TAZARA ilipungua mwaka hadi mwaka, na mizigo ya Zambia na ya Kongo ikahamia kwenye malori. Wakati huohuo watu nao waliifuata lami: vijiji vikanyooka kandokando yake, masoko yakajengwa ukingoni, Ruaha Mbuyuni ikajulikana kwa vitunguu na Ilula kwa nyanya. Matokeo yake ni barabara moja inayofanya kazi mbili zisizopatana, njia ya kimataifa ya malori na uchochoro wa kijiji.

Tuanze na miteremko, kwa kuwa huko makosa hayasamehewi.

Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, ndio unaofahamika zaidi kwa abiria wa mabasi ya nyanda za juu kusini. Lori lililobeba shaba kuelekea bandarini hushuka Kitonga likiwa na mzigo wake wote. Uzito wa juu unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ni tani 56 kwa gari na mzigo wake. Lori la uzito huo likishuka kimo cha mita 300 huachia nishati ambayo, ikigeuka yote kuwa joto, inatosha kuchemsha zaidi ya lita 400 za maji. Dereva akitegemea breki za magurudumu peke yake, joto hilo huishia kwenye ngoma na viatu vya breki. Ngoma hutanuka, viatu hupoteza mshiko, na dereva hukanyaga pedali bila gari kuitika. Hilo ndilo linaloitwa breki kufeli. Kwa hakika breki hiyo huenda ilikuwa nzima kabisa kileleni. Imekufa njiani kwa kutumiwa kupita uwezo wake.

Dawa yake inajulikana na kila dereva mzoefu: ingia kwenye gia nzito kabla ya kuanza kushuka, uiache injini ilizuie gari, na breki itumike kwa vipindi. Adui wa dawa hiyo ni mafuta. Gari likitolewa kwenye gia na kuachwa lijishukie, lita kadhaa huokolewa, na lita zilizookolewa zinaweza kuuzwa. Dereva anayelipwa posho ndogo na kudaiwa muda wa kufika hushawishika kwa urahisi. Julai 1, 2018, katika mteremko wa Iwambi nje kidogo ya jiji la Mbeya, lori lililoshindwa kusimama liliyagonga mabasi madogo ya abiria, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Abiria hao hawakuwa na uwezo wowote wa kujua kilichokuwa kikishuka nyuma yao.

Majirani zetu wa Kenya wamelipitia jambo hili katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Kipande cha Salgaa, Sachangwan na Migaa kiliua kwa miaka mingi kwa namna hiyohiyo: mteremko mrefu, malori yaliyotolewa kwenye gia, na magari yanayopanda yakikutana nayo uso kwa uso. Baada ya ajali ya Desemba 31, 2017 iliyoua watu 36 huko Migaa, serikali iliamua kujenga njia za ziada na kuweka ukuta wa zege kati ya wanaopanda na wanaoshuka. Madereva hawakugeuka malaika usiku mmoja. Kilichobadilika ni kwamba kosa la anayeshuka halikumfikia tena kwa urahisi anayepanda.

Somo hilo linafaa kwa miteremko yetu. Pale ambapo ukuta hauwezekani kwa ufinyu wa mlima, wahandisi wana njia nyingine: mchepuko wa changarawe nyingi laini, unaopanda kidogo, ambamo lori lililopoteza breki huelekezwa na kuzama magurudumu hadi likasimama. Lori huharibika, lakini watu hupona. Lingine ni eneo la kusimama la lazima kileleni, ambapo kila lori hukaguliwa breki na dereva hukumbushwa gia. Hilo halihitaji mkopo mkubwa; linahitaji askari, mkaguzi na kivuli cha kukaa.

Vijijini hali ni nyingine. Tatizo la huko ni kwamba lori, pikipiki ya bodaboda, mkokoteni, mwanafunzi na mbuzi vinatumia lami moja kwa wakati mmoja. Machi 18, 2022, huko Melela Kibaoni mkoani Morogoro, basi na lori vilivyogongana viliua zaidi ya watu 20, na maelezo yaliyotolewa wakati ule yalitaja pikipiki iliyokuwa ikikwepwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka karibu na stendi ya Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100.

Sheria imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na magari mazito nje ya makazi. Wapo madereva wanaoona tofauti hiyo ni usumbufu wa kuwapatia trafiki wenye tochi mahali pa kujificha. Hesabu inasema vingine. Gari dogo lenye breki nzuri, kwenye lami kavu, huhitaji takribani mita 35 kusimama kutoka mwendo wa 50, ukihesabu na muda wa dereva kushtuka. Kutoka mwendo wa 80 huhitaji mita 70. Mtoto aliyetokea mbele kwa umbali wa mita 40 anapona katika hali ya kwanza. Katika hali ya pili anagongwa na gari ambalo bado linakimbia. Lori lenye mzigo huhitaji umbali mkubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali zinazoua huongezeka kwa takribani asilimia 4.

Tochi ina kazi yake, lakini athari yake hukoma pale askari anapoonekana au anapoondoka, na taa za mbele za madereva wanaopishana huwahisha habari kilomita nyingi kabla. Tuta halilali wala haliwezi kuonyana kwa taa. Lakini nalo lijengwe kwa adabu: liwe na alama inayoonekana usiku, litanguliwe na mistari ya kutikisa, na lisiwe refu kiasi cha kuvunja springi za gari linalotii sheria. Tuta lililofichwa gizani nalo huua.

Zaidi ya matuta, vijiji hivi vinahitaji njia ya waenda kwa miguu na baiskeli iliyo nje ya lami, pamoja na vituo vya mabasi vilivyoingia ndani. Nafasi kisheria ipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ugumu ni kwamba katika nafasi hiyo tayari kuna nyumba, vibanda na makaburi, na alama ya X ya rangi nyekundu imekuwa chanzo cha uchungu na kesi. Mwenye nyumba iliyotangulia sheria hawezi kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyeifuata barabara. Fidia yake ni sehemu halali ya gharama za usalama, na mradi unaoikwepa hubaki na kijiji kilekile ukingoni.

Katika Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hukatiza mbuga kwa kilomita 50, vibao huwatangazia madereva faini ya kila mnyama anayegongwa, kwa fedha za kigeni. Twiga ana bei yake, nyati ana bei yake. Ni utaratibu mzuri, na unafanya kazi kwa sababu mwenye gari anajua mapema atakacholipa. Mpita njia wa Doma au Chimala hana kibao cha namna hiyo.

Aina ya tatu ya ajali ni ile ya kupita gari lililo mbele. Chukua basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likitaka kulipita lori refu linalokwenda 60. Pamoja na nafasi ya usalama mbele na nyuma, linahitaji sekunde 12 hivi upande usio wake, na katika muda huo linatembea karibu mita 270. Gari linalokuja kwa mwendo huohuo nalo linatembea mita 270. Kwa hiyo dereva anahitaji kuona zaidi ya nusu kilomita ya barabara tupu, na hiyo ni nadra katika kona za Iyovi. Basi likikaa nyuma ya msafara wa malori sita kwa nusu saa, abiria wenyewe huanza kunung'unika, wengine wakimhimiza dereva.

Ndiyo maana njia ya tatu ya kupandia mlima si anasa. Inampa dereva mahali halali pa kupita, na kumwondolea sababu ya kubahatisha. Uswidi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuzigeuza barabara zake za mashambani ziwe za njia tatu, ambapo njia ya kati hupewa upande huu na upande ule kwa zamu, huku waya wa chuma ukizitenganisha pande mbili. Vifo katika barabara hizo vilipungua kwa kiasi kikubwa sana, bila kujenga njia nne.

Ubora wa lami nao huingia hapa. Machi 11, 2015, huko Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililokuwa likitoka Mbeya, na zaidi ya watu 40 wakafa. Taarifa za siku zile zilitaja shimo barabarani lililokuwa likikwepwa. Shimo la upana wa beseni, ambalo kuliziba ni kazi ya asubuhi moja, huweza kumhamisha dereva wa lori kwenda upande usio wake. Na mashimo hayo huchimbwa kwa sehemu kubwa na uzito uliozidi, hivyo mizani ya Mikese, Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba ni vituo vya usalama kama ilivyo vya mapato.

Usiku sasa una uzito mpya. Mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha tangu miaka ya 1990, na zuio hilo likaondolewa mwaka 2023. Wafanyabiashara na abiria wengi walilifurahia. Lakini malori yanayoharibika bado huachwa kwenye lami yakiwa yamewekewa matawi ya miti badala ya pembetatu zinazong'aa, na tawi halimuliki. Kwa basi la usiku, dereva wa pili na muda wa kupumzika ni mambo ya kukaguliwa stendi kabla ya safari, kwa sababu usingizi, tofauti na mwendokasi, hauonekani kwenye tochi wala kwenye king'amuzi cha mwendo kilichofungwa ndani ya basi.

Baada ya ajali, majeruhi hutegemea walio karibu. Kwa miaka mingi hospitali za misheni zilizo jirani na barabara, kama Mtakatifu Kizito ya Mikumi, ya Kilutheri ya Ilula na ya Chimala, zimekuwa zikipokea watu ambao hazikuwapangia bajeti. Wanaofika mara nyingi wamebebwa na magari ya wapita njia, wakiwa wameketishwa wakati walistahili kulazwa. Fomu ya polisi ya PF3 nayo inaweza kujazwa baada ya damu kuzuiwa. Wanaofika kwanza katika eneo la ajali karibu kila mara ni vijana wa bodaboda, na mafunzo ya siku mbili ya kufunga jeraha, kumgeuza aliyepoteza fahamu na kuwazuia watu wasilisogelee lori la mafuta lililopinduka yanaweza kutolewa katika kijiwe chao, hapohapo ukingoni mwa barabara.